Lukresia wa Ushirombo, Aliyefuta Alama Yake Masikioni mwa Ng'ombe

Alizaliwa Samuye, katika nchi ya Shinyanga, mwaka ambao wazee wa huko waliukumbuka kwa nzige waliokula mtama ukiwa bado mchanga. Mapadre waliohesabu baadaye waliandika katika kitabu cha Ubatizo kwamba huenda ulikuwa mwaka 1920. Wazazi wake walimwita Limi, yaani jua, kwa kuwa alizaliwa kulipokuwa kunapambazuka. Baba yake alikuwa mfugaji Msukuma mwenye zizi la kadiri, na kwa kuwa watoto wa kiume wa nyumba hiyo walizaliwa nyuma yake, Limi ndiye aliyekabidhiwa fimbo, akachunga tangu umri wa miaka saba. Malishoni alipata elimu pekee aliyopewa utotoni: kumtambua mtamba atakayezaa vyema, kujua majani yanayovimbisha tumbo la ndama, na kujua vichaka ambamo mbung'o hujificha wakati wa joto. Huko pia aliiona desturi ambayo Wasukuma huiita kubilisa, ambayo kwayo mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani asiye na kitu baadhi yao awatunze. Jirani hunywa maziwa na kutia samadi shambani mwake, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na alama iliyochanjwa sikioni ndiyo shahidi. Darasani Limi hakuwahi kukaa hata siku moja. Hakulalamika, maana hakujua bado kwamba kuna kitu alichonyimwa.

Mwaka 1939 alipita Samuye kijana Msumbwa kutoka Ushirombo, jina lake Alois, akiuza asali ya misitu ya kwao. Alimpenda Limi, naye Limi hakumkataa. Baba wa binti alitaka ng'ombe kumi na wawili wa mahari, na Alois hakuwa na hata mmoja, kwa sababu watu wa kwao walikuwa wakulima wa mhogo na karanga, na mbung'o walikuwa wamewazuia kufuga. Akaenda kuchimba dhahabu katika mgodi wa Geita, akakaa chini ya ardhi miaka miwili, akarudi na fedha za kutosha. Walioana mwaka 1941. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka uliofuata, Limi alibatizwa katika kanisa la Ushirombo, akapewa jina la Lukresia. Mwaka 1943 walijaliwa mtoto wa kike, Mektilda, na tangu siku hiyo jirani wote walimwita Lukresia kwa jina la Mama Mektilda. Hakupata mtoto mwingine.

Alois aliendelea na kazi ya mgodini, na kila mwisho wa mwaka alirudi na ujira wake. Fedha hiyo Lukresia hakununua nguo wala mabati. Alikwenda mwenyewe mnadani, akatazama miguu na macho ya wanyama, akanunua mtamba mmoja, mwaka mwingine wawili. Alikata vichaka vyote karibu na nyumba ili mbung'o wasipate kivuli, na kwa kazi hiyo ng'ombe wake waliishi mahali ambapo wa wengine walikufa. Aliwatia alama ya kwao Samuye, mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Mwaka 1952 surua ilipita kijijini, na Mektilda akafa akiwa na miaka tisa, akiwa amesoma mwaka mmoja tu. Kipande cha kibao alichoandikia kilibaki dirishani hadi mvua ilipokifuta. Mwaka 1960 Alois naye alirudi kutoka Geita akikohoa vumbi la mawe, asiweze kupanda hata kilima kidogo. Siku chache kabla ya kufa, baada ya kupokea Mpako wa Wagonjwa, alimwita ndugu yake mdogo Mageni na katekista wa kigango chetu, Fidelis, akasema mbele yao: "Mimi nilichimba tu. Ng'ombe hawa aliwachagua yeye, akawatunza yeye. Ni wake, mtu asimguse." Mageni, ambaye kwa desturi angeweza kuwadai, aliinamisha kichwa akakubali, lakini moyoni hakukubali.

Wito wake ulimjia Jumapili moja ya Januari 1963. Katekista Fidelis alisimama baada ya Misa akasoma majina ya watoto waliofaulu kuendelea na darasa la tano. Yalikuwa majina kumi na tisa, na katika hayo kumi na moja yalikuwa ya wasichana, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwetu. Watu walipiga makofi. Baada ya Pasaka ya mwaka huo, Lukresia alipita karibu na shule akipeleka maziwa kwa mapadre, akasimama kutazama watoto wa darasa la tano wakiwa mstarini. Walikuwa wavulana watupu. Alimwendea Fidelis akamuuliza, "Mwalimu, wale wa kike wako wapi?" Fidelis akamweleza kwamba karo ya madarasa ya juu ni kubwa, kwamba Serikali yetu ni changa na haijaweza kuibeba, kwamba mapadre nao wamefika mwisho wa uwezo wao, na kwamba mzazi mwenye fedha ya mtoto mmoja humpeleka wa kiume. Lukresia aliuliza tena, "Kwa hiyo majina yao mliyasoma ya nini?" Fidelis alituambia baadaye kwamba swali hilo alilibeba miaka mingi, na kwamba hakuna mahubiri yaliyomchoma zaidi.

Juma lile lile Lukresia alitenga majike kumi na mmoja kati ya ng'ombe wake ishirini na wawili, akawapeleka mmoja mmoja katika nyumba za wale wasichana. Alipofika kwa Marselino, mkulima wa karanga, mtu mwaminifu na mwenye watoto wengi, alimfunga ng'ombe kwenye mti akasema, "Huyu ni wa Generosa." Generosa ndiye aliyekuwa binti mkubwa wa Marselino, na ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani. Maneno hayo hayo Lukresia aliyasema katika kila nyumba, akitaja jina la binti wa nyumba hiyo. Maana yake ilikuwa wazi kwake kama ilivyo kwa Msukuma yeyote: mtunze, unywe maziwa, samli na madume uviuze, na fedha hiyo imsomeshe binti. Majike waliobaki nyumbani aliendelea kuwagawa kadiri mahitaji yalivyotokea, huyu kwa ajili ya sare, yule kwa ajili ya mgonjwa, hata mwisho wa mwaka 1966 alibaki na zizi tupu na ng'ombe wake wote wakawa katika nyumba zile kumi na moja. Wasichana kumi na mmoja waliingia darasa la tano Januari 1964, na wote wakaendelea. Baba zao walianza kumwita "mkwe". Kila alipopita walimpungia mikono: "Mkwe, karibu ule!" Naye alijibu kwa kicheko, "Mkwe gani anayelishwa mhogo mkavu?" Alidhani ni utani, maana Wasukuma na majirani zao hutaniana hata msibani. Hakujua kwamba wenzake hawakuwa wakitania. Kwa watu wa Ushirombo, ambao ng'ombe kwao ni mgeni, mnyama anayefungwa mtini kwa jina la binti alikuwa na maana moja tu, nayo ni mahari.

Kosa hilo lilijulikana Jumapili tarehe 17 Desemba 1967. Siku tatu kabla yake matokeo ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi yalikuwa yamefika, na Generosa alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya sekondari ya wasichana huko Tabora, msichana wa kwanza kutoka kigango chetu. Lukresia alikuwa uani akipepeta karanga alipoona msafara ukija: Marselino mbele katika koti, mkewe na mkeka mpya, shangazi wa binti na mtungi wa pombe ya mtama, na katikati yao mtu aliyefunikwa kanga kichwani hadi magotini.

"Hodi hapa, mkwe!" aliita shangazi.

"Karibuni. Leo mmejipamba, mnakwenda harusi ya nani?"

"Harusi ni hapa hapa. Au unataka tukuimbie kwanza ndipo utoe kiti?"

Marselino hakucheka. Alivua kofia akasema, "Shikamoo, Mama Mektilda. Tumekosa, tusameheni. Ni mwaka wa tano sasa ng'ombe wenu yuko kwangu, amezaa mara mbili, watoto wangu wamenenepa, nami nimekaa kimya kama mtu asiye na haya. Jana Mageni kanikumbusha. Tumemleta."

"Mmemleta nani?"

"Mke wenu."

Lukresia aliweka ungo chini. Alimwendea yule aliyefunikwa, akainua kanga, akauona uso wa Generosa uliovimba kwa kulia. Binti alisema neno moja tu, "Mama, jina langu limetoka." Ndipo Lukresia alipoelewa yote kwa pamoja. Maana Mageni alikuwa na kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa akitafutiwa mke, na alikuwa ameona njia ya kumpatia pasipo kutoa hata kuku. Ng'ombe wa ukoo wake, alisema, wameingia kwa Marselino kwa jina la Generosa, basi Generosa ni mke wa ukoo wake. Na kama ni hivyo kwa Generosa, ni hivyo pia kwa wale kumi. Shule ya Tabora ilikuwa ifunguliwe katikati ya Januari.

Lukresia alipokataa kumpokea binti, shauri lilikwenda kwa wazee, nao wakakaa baraza tarehe 27 Desemba katika uwanja wa kigango, na watu wengi walihudhuria. Lukresia alieleza kwa utulivu kwamba hakuoza mtu wala kuposa mtu, na kwamba kwao Samuye ng'ombe hukabidhiwa jirani kwa wema. "Hiyo ni ya Samuye," alisema mzee mmoja, "hapa ni Ushirombo. Hapa ng'ombe wa mtu hukaa kwa mtu mwingine kwa sababu mbili, deni au mahari. Marselino ana deni nawe?" Watu wakacheka, kwa sababu Marselino alijulikana kuwa mtu asiyekopa hata chumvi. Lukresia alisema, "Hana." Mzee yule hakuwa mtu mbaya, na alitaka kuelewa. Akauliza tena, "Haya, tuifuate hiyo ya kwenu. Ukimkabidhi jirani, ng'ombe anabaki wa nani?"

"Wangu."

"Na ndama?"

"Wangu."

"Basi na msichana aliyesomeshwa kwa ndama wako, ni wa nani?"

Lukresia alirudi akaketi. Wengine walidhani ameshindwa kwa maneno, lakini yeye mwenyewe alimwambia Fidelis jioni hiyo kwamba swali lile lilimfungua macho. "Mzee amesema kweli," alisema. "Niliwapa kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikashikilia mkia. Ningeweza kumnyang'anya Marselino kesho, naye alijua hivyo, ndiyo maana aliniletea mtoto." Baraza lilikuwa limeamua kwamba hadi Sikukuu ya Tokeo la Bwana achague moja kati ya mawili. Akiwatwaa ng'ombe wake, wasichana ni huru, lakini hakuna karo, na masomo yanakwisha. Akiwaacha walipo, wasichana ni wake wa ukoo, na Mageni kama mkubwa wa ukoo atawapa wanaume. Njia ya tatu wazee hawakuiona, na hata Fidelis hakuiona.

Kwa siku tatu Lukresia alifunga. Alitembea hadi kanisa la parokia, akapiga magoti mbele ya Ekaristi tangu Misa ya asubuhi hadi masista walipofunga milango. Hatujui alisema nini na Bwana wake, na si vema kubuni. Tunajua tu kwamba aliporudi alipita katika nyumba zote kumi na moja, akawaomba baba wa wasichana walete ng'ombe wote, majike na ndama na madume, mbele ya kanisa siku ya sikukuu, na kila mmoja aje na kisu chake. Mageni alifurahi. Alidhani shemeji yake ameamua kuwatwaa, na kwamba zizi la Alois linarudi nyumbani.

Jumamosi tarehe 6 Januari 1968, baada ya Misa ya Tokeo la Bwana, ng'ombe thelathini na wanne walisimama katika uwanja wa kanisa, na watu walikuwa wengi hata watoto wakapanda ngazi ili waone. Lukresia alitoka akiwa amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kukamua. Alimshika ng'ombe wa kwanza, jike la Marselino, akamtuliza kwa sauti ya Kisukuma, kisha akakata ncha yote ya sikio la kushoto, pale palipokuwa na mikato yake miwili. Damu ilimtiririka hadi kwenye kiwiko. Akamgeukia Marselino akamwambia, "Mtie alama yako kwenye sikio la kulia." Marselino alishika kisu asijue la kufanya, kwa kuwa hakuwahi kuwa na alama. Hatimaye alikata mkato mmoja mdogo. Ndipo Lukresia akasema kwa sauti ambayo watu wote waliisikia: "Ng'ombe huyu ni wa Marselino. Sikukopesha, sikuoa, sitamdai yeye wala binti yake wala wajukuu wake. Mwenye kunipinga na alete sikio lenye alama yangu."

Alifanya hivyo kwa ng'ombe wote thelathini na wanne. Kazi ilichukua hadi jua lilipokuwa utosini. Katikati yake Mageni alisogea akamshika mkono, akasema kwa hasira iliyochanganyika na huruma, "Shemeji, una wazimu? Hawa ni jasho la kaka yangu. Utakula nini?" Akamjibu, "Nitalima. Kwani Marselino anakula nini?" Watu walicheka, na Marselino mwenyewe akacheka huku akifuta macho. Mzee yule wa baraza alisimama akahesabu vipande vya masikio vilivyolala mchangani, kisha akawaambia wenzake kwamba hakuna shauri tena, kwa kuwa hakuna ng'ombe wa Alois katika kijiji hiki. Kwa maneno hayo Generosa akawa huru, na wenzake kumi pamoja naye. Juma lililofuata aliondoka kwenda Tabora juu ya lori la pamba la Nassibu, mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka pale Ushirombo. Nassibu alipoulizwa nauli alisema, "Pamba ndiyo inalipa, kwa sababu haisomi. Panda, binti."

Wapo waliotarajia kwamba baada ya tendo hilo kila kitu kingekuwa chema. Haikuwa hivyo, na anayeandika maisha ya watakatifu hana ruhusa ya kuficha. Baba watatu kati ya wale kumi na mmoja waliwauza ng'ombe kabla ya mwezi kwisha, na binti zao, waliokuwa wamekosa nafasi mwaka ule na wangeweza kurudia darasa, wakaozwa. Watu walimcheka Lukresia sokoni. "Mama Mektilda, wamekula sikio na ng'ombe mzima!" Aliwatembelea wale wasichana watatu kila mmoja alipojifungua, akawapelekea uji, wala hakuwataja baba zao kwa ubaya. Yeye mwenyewe tangu siku hiyo aliishi kwa jembe. Alilima ekari moja ya mhogo na karanga, alivaa kanga mbili, moja ya kazi na moja ya Misa, na robo ya mavuno yake aliiuza ili kununua madaftari kwa watoto wa shule ya msingi. Mwaka 1971 mgeni mmoja wa ng'ambo, mtu wa wema aliyekuwa akitoa misaada kwa shule, alisikia habari zake akaja na kamera. Aliomba wasichana wapangwe mstari, na mfadhili wao akae katikati. Lukresia alikataa kwa upole. Mgeni aliposisitiza kwamba picha ingewavuta wafadhili wengine, alimwonyesha zizi la Marselino akasema, "Basi mpige ng'ombe. Yeye ndiye aliyesomesha." Nasi tunasikia kwamba picha ya ng'ombe asiye na ncha ya sikio ilitundikwa kwenye ukuta fulani huko mbali, pasipo maelezo.

Ulipofika wakati wa kuhamia vijijini na Serikali ilipoanzisha madarasa ya kisomo cha watu wazima, Lukresia alikuwa wa kwanza kujiandikisha, naye akiwa na miaka hamsini na zaidi. Mwalimu wetu alikuwa Philomena, mmoja wa wale wasichana wanane waliobaki shuleni, ambaye alikuwa amemaliza chuo cha ualimu. Kwenye benchi lile lile aliketi Mageni, kwa kuwa madarasa yalikuwa kwa watu wote, na kwa miezi miwili hakumsemesha shemeji yake. Siku moja Philomena alimwita ubaoni aandike jina lake. Mageni aliandika, akarudi kuketi, akazitazama herufi zile. Kisha akamwambia Lukresia mbele yetu sote, "Shemeji, huyu mtoto ningemwoza." Lukresia akamjibu, "Andika na jina la kaka yako, nilione." Hapo upatanisho wao ukawa umetimia. Mageni alibatizwa Pasaka ya mwaka 1977, na msimamizi wake katika Ubatizo alikuwa Marselino.

Jaribu la mwisho lilitoka kwa Generosa. Alimaliza Tabora, akasomea uuguzi, akapata kazi katika hospitali moja upande wa Mwadui, akaolewa huko. Mwanzoni aliandika barua, baadaye barua zikapungua, kisha zikakatika. Padre alikuwa ametumaini angekuwa sista, baba yake alitumaini angejenga nyumba ya bati, na kijiji kilitumaini angerudi kufungua zahanati. Tangu amalize Tabora, miaka saba ilipita asionekane kijijini. Mwaka 1979 mama mmoja alimwambia Lukresia kisimani, bila kuficha uchungu, "Umeona? Ulitoa zizi zima kwa ajili ya yule, na hata chumvi hajakuletea. Ng'ombe wako amepotea." Lukresia alitua ndoo, akasema: "Simtafuti. Nilimwachia aende, naye ameenda. Ningemtaka arudi, ningemwacha kwa Mageni." Nilikuwepo kisimani hapo, na nashuhudia kwamba aliyasema maneno hayo kwa uso wa furaha, kisha akabeba maji yake.

Alianza kuugua mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka 1983. Alikataa kupelekwa mbali, akaomba tu asomewe Injili kila jioni, na wanafunzi wenzake wa kisomo walipokezana kusoma, wengine wakikwama katika kila mstari, naye akiwangoja kwa subira. Alipokea Komunyo ya mwisho asubuhi ya Ijumaa tarehe 11 Machi, akafa kabla ya adhuhuri. Nyumbani mwake palikutwa jembe, kanga mbili, rozari, na daftari la kisomo lililojaa majina ya wasichana, jina moja kila mstari, pasipo neno jingine. Katika Misa ya mazishi somo la kwanza lilisomwa na Mageni. Alisoma polepole, kwa kidole, na kanisa zima lilingoja.

Kuhusu maajabu, nasimulia yale tu yaliyoshuhudiwa na wengi. Ng'ombe wale thelathini na wanne walikatwa masikio katikati ya majira ya mvua, wakati ambao kidonda chochote hujaa funza kwa siku mbili. Hakuna hata kidonda kimoja kilichooza. Baba wote, hata wale watatu waliouza, walikiri hivyo mbele ya Padre. Tena, katika ukame wa mwaka 1974, majike wa uzao ule waliendelea kutoa maziwa hata wengine walipokauka, na watoto wa kijiji chetu walinyweshwa kutoka katika nyumba nane. Nikimwita mtakatifu, namwita kama jirani zake wanavyomwita. Hukumu ni ya Kanisa, nami naipokea kabla haijatolewa.

Mwezi Desemba mwaka 1985 mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi alishuka kutoka kwenye basi, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mageni, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Hakuuliza kaburi liko wapi. Aliuliza ni binti gani wa kijiji aliyechaguliwa kwenda sekondari mwaka ule na hana sanduku, blanketi wala nauli. Mageni alimtajia. Mwanamke akatoa fedha yote iliyohitajika, ya mwaka ule na ya miaka mitatu iliyofuata. Mageni aliitambua sauti, akasema, "Generosa, ngoja nimwite binti na mama yake, waje wakushukuru." Akamkataza. "Usiwaambie, baba. Wakijua, watadhani binti ni wangu." Akalala kwa wazazi wake usiku mmoja, akaondoka. Mageni alitunza siri hiyo hadi mwaka 1987. Alipokaribia kufa alimwita mama wa binti huyo akamwambia, akihofu kwenda nayo kwa Mungu. Nayajua haya kwa sababu mama huyo ni mimi niliyeandika.

Enyi mnaosoma, wengi wetu hatuna ng'ombe, na Mungu hatatudai tusichopewa. Lakini tunaye binti wa jirani anayehitaji daftari, na kijana wa ndugu anayehitaji nauli, na tunaweza. Tumfuate Lukresia pale penye ugumu, yaani baada ya kutoa. Utakapomwona uliyemsomesha akipita barabarani katika viatu vizuri, naye asikutambue, usimkumbushe jina lako. Mtazame anavyotembea, umshukuru Mungu, ushike jembe lako uende shambani.